Umebadilishiwa nyonga na unataka kurudi mpirani? Subiri nikwambie

Mimi nna miaka 53, mtu wa Lamu, nyonga yangu ya kulia ilibadilishwa Mombasa mwaka juzi. Kabla ya hapo kila jioni baada ya alasiri ungenikuta pwani na wazee wenzangu tunapiga mpira mpaka adhana ya magharibi. Sasa kila aliyepasuliwa akirudi kisiwani ananisimamisha njiani aniulize atacheza lini, nimechoka kurudia rudia, kwa hivyo naandika hapa mara moja. Mimi si daktari, wako yuko, yeye ndo ameiona eksrei yako.

La kwanza, na hili mimi hakuna aliyenikalisha kitako akanieleza, ni kwamba maumivu huisha mapema na nguvu hurudi baadaye sana. Mfupa uliosagika ushatolewa, kwa hivyo wiki ya sita unatembea huumwi unajiona mzima, kumbe misuli ya ubavuni mwa nyonga ilishalala zamani miaka yote ile uliyokuwa ukichechemea, kisha kisu nacho kikaisumbua. Hapo katikati ndipo watu wanapoumia. Mimi wiki ya tisa nilikuwa nimesimama tu natazama wenzangu, mpira ukanijia, nikaupiga. Teke moja wallahi, nikarudi kwenye magongo siku kumi.

Miezi ya mwanzo kazi yako si michezo, ni mkeka. Wengi waliopasuliwa kwa nyuma huambiwa wasikunje nyonga kupita pembe ya mraba, wasipishanishe miguu, wasiuzungushe mguu kwa ndani, kwa wiki 6 mpaka 12 hivi, sababu kichwa cha nyonga kinaweza kuchomoka. Huko kwa wenye viti na meza labda ni rahisi, lakini sisi tunakula sinia chini, tunakaa baraza za chini, choo cha kuchuchumaa. Tafuta kiti kirefu, kiti cha choo cha kuinua, sali kwenye kiti na sijda uifanye kwa ishara, dini imeruhusu, usione haya. Ngazi zetu nazo mnazijua zilivyosimama: ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza uliopasuliwa. Na bakora ishike mkono wa upande wa mguu MZIMA, nusu ya watu nnaowaona wanaishika kinyume.

Usihesabu wiki peke yake, jipime. Simama mbele ya kioo umevaa kikoi, kiti kiwe karibu ukishike ukiyumba, simamia mguu uliopasuliwa na uinue ule mzima, kisha tazama pindo la kikoi kiunoni. Likishuka upande wa mguu uliouinua, misuli bado. Ukiweza sekunde 30 pindo liko sawa, hapo tuongee. Kufika hapo kuna mazoezi mawili fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinipa na nnayafanya mpaka leo: unalala chali magoti umekunja unainua matako, na unalalia upande mzima, mto katikati ya magoti, unainua mguu wa juu polepole. Hayana raha, kila siku hivo hivo, mke wangu akinicheka.

Kutembea ndo mchezo wa kwanza. Anza barabara ya pwani mjini, kisha mchanga, lakini mchanga mgumu wa maji yakipwa, si ule mkavu wa juu ambao mguu unazama na nyonga inajivuta. Maji husogea kama dakika 50 kila siku kwa hivyo huwezi kuweka saa moja ukaizoea, uliza wavuvi. Wakati wa bamvua maji yakijaa njia ya kwenda kijiji cha Shela humezwa sehemu nyingine, usijikute unaruka mawe na nyonga ya miezi mitatu. Halafu ufuo una mteremko, mguu wa upande wa bahari huwa chini. Ukienda Shela kwa miguu ukarudi na boti, nyonga moja imekula mteremko wote, kwa hivyo nenda dakika kumi urudi dakika kumi njia ile ile, wiki ijayo ongeza.

Kuogelea ndiko kulikonirudisha duniani. Kidonda kiwe kimefunga kabisa, kikavu, na daktari amesema sawa, mimi nilisubiri wiki nane. Piga miguu ya kawaida juu chini, kile cha chura kiache kwanza sababu kinaipanua nyonga na kuizungusha. Ogelea upande wa mlango wa bahari ulio shwari, kule nje kusi ikivuma wimbi linakubwaga mchangani kama gunia. Na usiruke kutoka gatini na watoto, nakujua.

Haya, mpira. Mpwa wangu alinitumia habari za Andy Murray, aliyefanyiwa nyonga Januari 2019 na Oktoba mwaka huo huo akachukua kombe la tenisi Antwerp. Sawa, lakini yeye alikuwa na miaka 31, walimvisha kofia ya chuma juu ya kichwa cha mfupa, hawakukata kichwa chote kama changu, na kazi yake ni hiyo kutwa. Nyonga bandia huisha kwa kutumika. Utafiti uliotoka 2019 ulikadiria kati ya nyonga 100 zilizobadilishwa kama 58 hufika miaka 25, na mimi miaka 25 ijayo ntakuwa na 78, sitaki kupasuliwa tena umri huo. Madaktari wengi hawapendi kukimbia kimbia na kugongana, kuanguka na kujipinda ghafla ndo hatari yenyewe. Sasa mimi ni refa nnayesimama, na tukipasiana polepole bila mtu kuniingilia nacheza robo saa.

Miezi yote hiyo, kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, au kifua kikabana, pumzi ikakata, usingoje asubuhi wala dawa ya kuchua, damu inaweza kuwa imeganda. Na kidonda kikitoa maji au homa ikipanda, hospitali siku hiyo hiyo.

Punda bado sijapanda. Kumkalia ni kupanua miguu, na kushuka ni kuruka, halafu yeye mwenyewe hana breki. Mizigo yangu anabeba yeye, mimi natembea nyuma yake.