Ukitumwa sokoni usirudi na ndimu peke yake

Mi nishatumwa sokoni hapa Amu, yaani Lamu, sijui mara ngapi nikarudi na ndimu tu, mama ananitazama, nazi ziko wapi, na bizari je, nami naapa hakunambia. Kunambia alinambia, ila mi nilikuwa najibu wasap huku naitikia ee, ee. Kitu kikipita sikioni na akili iko kwengine ubongo haukiweki vizuri, sa baadae utakumbuka nini hata ujikune kichwa mpaka kesho?

Kwa hivyo akianza kukutuma weka simu chini, mtazame, alafu urudie mbele yake kwa sauti. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji, ndo inasaidia kushika mambo ya sasa hivi na haishiki mengi, mtafiti wa kumbukumbu Nelson Cowan aliandika 2001 kwamba ni kama vitu vinne. Na mama anataja tisa! Vifunge mafungu: nazi, ndimu, bizari na nyanya ni mchuzi wa samaki, sukari, majani na tangawizi ni chai, bado sabuni na kiberiti, basi vinne.

Njiani ndo kazi. Kuna Mmarekani, Henry Molaison, 1953 alipasuliwa ubongo akatolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, ile inayosaidia mambo mapya kukaa. Nambari aliweza kuishika maadamu anairudia rudia, ukimkatiza kidogo imekwenda. Sisi hipokampasi tunazo lakini ukitoka Langoni mpaka sokoni pale Ngomeni umeamkia wazee watano na punda amekubana ukutani, ukiwa ulitegemea kurudia tu, umekwisha.

Mi navipanga kichwani, kwenye njia yenyewe. Mchuzi naumwaga kwenye baraza ya jirani, nauona kabisa unachuruzika, birika la chai liko juu ya mlango wa pili, na kadhalika. Kiwe kichekesho, hukaa zaidi. Ila usimtwike punda, ataondoka nacho.

Ukifika Ngomeni simama, vitaje vyote kabla hujaingia ndani, kule kujikamua mwenyewe ndo kunakaza kumbukumbu kuliko kusomewa tena.

Funguo vilevile, ukiziweka sema kwa sauti "nazitia kikapuni", wakikucheka waache. Na mama akipita vitu tisa, chukua karatasi uandike.