Kuandaa Datsun 240Z kwa safari ya Dodoma hadi Nairobi: shughulikia joto la petroli

Nimemaliza kumsaidia mzee jirani yangu wa Ipagala, hapa Dodoma, kuandaa Datsun 240Z yake, gari la michezo la zamani, aende nayo Nairobi kwa njia ya Kondoa, Babati, Arusha na Namanga. Wengi walimshauri aipakie kwenye lori. Mimi sikuafiki. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, Hans Schüller akimsomea ramani, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, tena kwenye vumbi na matope. Leo kutoka Dodoma hadi Babati ni lami tupu.

Injini ya L24, silinda sita na lita 2.4, ni chuma kigumu na ni nadra iwe ndiyo inayokulaza porini. Kinachokulaza ni petroli iliyopata joto, mipira iliyochoka na karatasi zisizolingana na gari.

Hatua ya 1: Linganisha kadi na chuma

Kabla hujashika spana, chukua kadi ya gari, tochi na kitambaa chenye thina. Namba ya chesisi ya 240Z ya usukani wa kulia huanza na HS30, na imegongwa kwenye ukuta wa bodi unaotenganisha injini na dashibodi. Namba ya injini iko kwenye bloku, upande wa kulia, karibu na silinda ya sita. Futa grisi na rangi mpaka zisomeke kwa macho, kisha uzipige picha.

Magari haya mengi yamebadilishiwa injini. Ukikuta kadi inasema L24 na bloku inasema L28, yaani injini kubwa zaidi ya lita 2.8, nenda TRA (mamlaka ya mapato) ukarekebishe taarifa kwanza. Usitegemee kwamba ofisa wa forodha hatafungua boneti. Gari la aina hii kila mtu anataka kulifungua boneti, hata asiye na kazi nalo.

Kama kadi haina jina lako, beba barua ya idhini ya mwenye gari. Mwombe wakala wako wa bima akukatie kadi ya njano ya COMESA ungali Dodoma, kwa sababu bima ya kawaida ya ndani inaishia mpakani. Usiichanganye na ile kadi nyingine ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano. Beba zote mbili, pamoja na pasipoti na leseni.

Hatua ya 2: Rejeta na maji yake

Peleka rejeta kwa fundi wa rejeta aifungue vichwa na kuichokonoa mirija yote. Kuisuuza kwa mpira wa maji hakutoshi. Maji ya Dodoma yana chumvi nyingi, na gari lililojazwa maji ya bomba kwa miaka lina ukoko ndani usiotoka kwa kusuuza. Ukirudisha, weka kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu, na mfuniko mpya wa rejeta. Badilisha mpira wa juu, wa chini, na ile midogo ya hita ambayo hakuna anayeikumbuka.

Thamostati, kile kizibo kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto, ibaki. Najua mafundi wetu wengi huitoa wakisema nchi yetu ni ya joto. Injini isiyo na thamostati haifikii joto lake la kazi asubuhi, inakula petroli na inasaga silinda. Kama inachemsha ikiwa na thamostati nzima, tatizo liko kwenye rejeta, feni au pampu ya maji. Tafuta huko.

Hatua ya 3: Petroli isichemke

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko kazi nyingine zote, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Kwenye kichwa cha injini ya L24, upande wa kuingiza hewa na upande wa eksozi ni upande mmoja. Maana yake kabureta zote mbili, zinazochanganya petroli na hewa, zimekaa juu ya manifoldi ya eksozi, yaani mabomba ya moshi yanayotoka kwenye injini. Gari likiwa linakimbia, upepo unazipoza. Ukipanda mlima polepole nyuma ya lori, au ukisimama kuongeza mafuta, joto lote la manifoldi linapanda moja kwa moja kwenye bakuli za kabureta. Tena huku kwetu juu petroli huchemka mapema kuliko pwani: Dodoma ni zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Nairobi inakaribia 1,800.

Gari la mzee lilikata kwenye kupanda baada ya Kolo, mchana, nyuma ya lori la vitunguu. Lilikata kama mtu aliyezima swichi. Mzee akasema, "Mwanangu, koili hiyo." Nikamwambia, "Mzee, tuangalie kwanza ndipo tuihukumu." Dalili za koili (inayotoa umeme wa plagi) iliyochoka na za petroli iliyochemka zinafanana sana: gari linakata likiwa la moto, likipoa linawaka kama halikuwa na kitu. Wengi hununua koili, kisha kondensa, kisha distributa nzima, na ugonjwa unabaki.

Njia ya kutofautisha ni hii. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya mmoja wa plagi, iguse kwenye chuma mbali na kabureta, na mwenzio apige staata. Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu, moto upo. Ondoa hiyo plagi, zima swichi, acha mvuke utawanyike, kisha fungua mfuniko wa bakuli la kabureta ya mbele. Tulipofungua ya mzee, petroli ilikuwa inatokota kama maji ya ugali, kiwango kimeshuka karibu na chini, na mvuke unatoka puani mwa kabureta. Koili haikuwa na kosa lolote.

Tiba yake ina sehemu nne, na usifanye moja ukaacha nyingine.

Kwanza ni bati la kuzuia joto. Gari hutoka kiwandani likiwa na bati pana kati ya manifoldi ya eksozi na kabureta. Kwenye gari la mzee fundi wa awali alilitoa ili apate nafasi ya kupitisha spana, hakulirudisha. Mpe fundi bati atengeneze jingine la alumini, liwe na nafasi ya kidole kutoka kwenye kabureta, na uhakikishe haligusi fimbo za akselereta. Akselereta ikinasia kwenye bati ukiwa kwenye mteremko, hilo ni balaa kubwa kuliko gari kukata.

Pili ni zile bloku nyeusi za bakelaiti (plastiki ngumu) kati ya kabureta na manifoldi ya kuingiza hewa. Zinazuia joto lisipite kwenye chuma. Zikiwa na ufa, zibadilishe. Gaskiti iwekwe pande zote mbili, kavu. Tafadhali usipake silikoni hapo: petroli inailainisha, vipande vinaingia kwenye injini.

Tatu ni bomba la kurudisha mafuta kwenye tanki. Mfumo huu hauishii kwenye kabureta. Petroli inayozidi inarudi tanki, ili inayokaa karibu na injini iwe inabadilishwa muda wote. Mafundi wengi huliziba wakidhani linapunguza nguvu ya pampu. Chomoa mpira wa kurudi, uelekeze kwenye chupa, piga staata. Ukiona mkondo mwembamba unaotiririka bila kukatika, ni nzima. La mzee lilikuwa limezibwa kwa boliti ndani ya mpira na kufungwa klampu juu yake, ukiangalia kwa nje huoni kitu.

Nne ni njia ya bomba la mafuta linalokwenda kwenye kabureta. Linapita mbele ya injini karibu na nyumba ya thamostati. Lisiguse chuma mahali popote. Livalishe soksi ya nyuzi za kioo. Mipira yote ya mafuta iwe mipya, ya petroli kweli, na klampu ziwe zile zenye boliti pembeni zinazobana mpira pande zote sawa. Zile za ukanda wenye matundu zinakata mpira mwembamba, na hapo chini kuna eksozi nyekundu.

Utaambiwa ufunge pampu ya umeme. Inafaa, ikiwa imefungwa nyuma karibu na tanki, chini ya usawa wa mafuta, na shinikizo lake halizidi psi 4 (psi ni kipimo kile kile cha upepo wa tairi). Usikubali pampu ya EFI, yaani ya gari linalopuliza petroli bila kabureta, iliyotolewa kwenye gari jingine. Hiyo inasukuma zaidi ya psi 30, sindano ya kabureta haiwezi kuizuia, na petroli itamwagika juu ya eksozi. Kufunga eksozi kwa utepe wa joto pia sipendi: manifoldi ya chuma cha kumimina inashika unyevu na kupasuka.

Ukiwa njiani, ukisimama Babati kuongeza mafuta, ama ondoka mara moja au fungua boneti usubiri ipoe kabisa. Kipindi kibaya ni dakika kumi hadi ishirini baada ya kuzima. Kuwasha ikiwa ya moto, usivute choki, kanyaga pedali nusu na uishikilie hapo. Kuipampu hakusaidii, kabureta za aina hii hazina pampu ya kurushia mafuta. Likikata, kitambaa chenye maji juu ya pampu ya mafuta na bomba kitakufikisha. Na ondoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri. Mtungi wa kuzimia moto ukae nyuma ya kiti mkono unapofika, usiuweke buti chini ya mizigo.

Hatua ya 4: Breki, klachi, matairi

Mafuta ya breki yote mapya, raba za master silinda na za klachi mpya. Tairi soma tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye kashata nzuri lakini la zamani litapasuka. Rimu ni za inchi 14, na 195/70R14 inakaa vizuri.

Hatua ya 5: Umeme

Funga rilei (swichi za umeme zinazobeba mzigo) za taa kubwa. Gari hili kiasili hupitisha umeme wote wa taa kwenye swichi ya usukani na kasha la fyuzi, ndiyo maana makasha mengi yameyeyuka. Baki na pointi, zile za kukata na kuunga umeme ndani ya distributa, usifunge mfumo wa kielektroniki kwa safari hii. Pointi fundi yeyote kati ya Kondoa na Namanga anazirekebisha kwa msasa na geji.

Hatua ya 6: Spea za kubeba

Pointi, kondensa, rota, plagi za BP6ES, mkanda wa feni, mipira ya rejeta, mita mbili za mpira wa mafuta, raba za klachi, balbu, fyuzi, waya, maji lita kumi.

Hatua ya 7: Jaribio la mchana

Usijaribu gari asubuhi kwenye baridi ukadhani umelijaribu. Ondoka Dodoma saa sita mchana mpaka Kondoa, panda hadi Kolo, zima injini na boneti ikiwa imefungwa, subiri robo saa, washa. Likiwaka kwa staata moja na likapanda kuelekea Bereko bila kukohoa, geuza. Likisumbua, rudi hatua ya 3 na uanzie kwenye bomba la kurudisha. Ukifika nyumbani acha lipoe usiku kucha, kisha kaza upya nati za magurudumu na kila klampu ya mafuta, na uangalie chini ya gari kama kuna tone lolote sakafuni.