Asidi na besi mezani: kumfundisha mtoto kwa maji ya kabichi ya zambarau

Ukimwaga siki kwenye soda ya kuokea, kama kwenye jaribio maarufu la “volkano”, povu litafurika, mtoto atapiga makofi na baada ya dakika mbili atauliza kama anaweza kwenda kucheza. Hajajifunza kitu, ila kwamba povu hutoka. Vifaa vilevile, vikipimwa na kuwekewa kikombe cha kulinganishia, vinaweza kumfundisha asidi ni nini, besi ni nini, na kwa nini zikikutana kila moja huipunguzia nyenzake nguvu. Mwongozo huu unawafaa watoto wa miaka 7 hadi 12, mtu mzima akiwa pembeni muda wote.

Vinavyohitajika

Kabichi ya zambarau gramu 250, siki nyeupe ya asilimia 5, limau, soda ya kuokea, sabuni ya kipande isiyo na rangi, chumvi, sukari. Vyombo: chujio, glasi saba zinazoonyesha ndani, karatasi nyeupe ya kuziweka juu yake, bomba la sindano la ml 5 lisilo na sindano, chupa ya plastiki ya ml 500, puto na miwani ya kukinga macho.

Soma vizuri jina la soda. Poda ya kuokea haifai, kwa kuwa ndani yake tayari mna asidi kavu na majibu yatakuchanganya.

Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo isisogee mezani kabisa: ikichanganyika na siki au limau hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Dawa ya kuzibua mabomba na maji ya betri ya gari navyo vikae mbali. Watoto wengi huamini kwamba asidi ndiyo hatari na besi ni salama. Waambie mapema kwamba soda kostiki, ambayo ni besi, huunguza ngozi na macho vibaya sana. Na hakuna kuonja chochote, hata limau, maana bomba la sindano ni lilelile lililopita kwenye sabuni.

Kutengeneza kiashiria

Kiashiria ni kimiminika kinachobadilika rangi kikikutana na asidi au besi.

1. Katakata kabichi vipande vyembamba, weka kwenye bakuli la kioo au la udongo. Sufuria ya alumini iache, metali hiyo huweza kuibadilisha rangi kabla hamjaanza.
2. Mimina ml 500 za maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika 15. Kuipika kwa muda mrefu hakuongezi rangi ya maana, kunaongeza harufu tu.
3. Chuja, acha ipoe.

Maji yawe zambarau iliyokolea. Yakiwa hafifu, umezidisha maji. Yakitoka ya bluu tangu mwanzo, maji yako ya bomba yana besi kidogo. Rudia kwa maji ya mvua au yaliyokenekwa. Kiashiria hukaa siku mbili au tatu kwenye friji kisha huanza kunuka, hivyo kinachobaki kigandishe kwenye trei ya barafu.

Kinachobadilika rangi humo ni antosianini, rangi ya asili ya kabichi hiyo. Ujuzi huu ni wa zamani: mwaka 1664 Robert Boyle alieleza jinsi sharubati ya maua ya urujuani inavyogeuka nyekundu kwenye asidi na kijani kwenye besi.

Glasi saba

Weka ml 20 za kiashiria katika kila glasi. Ya kwanza iongeze ml 5 za maji matupu, na isiguswe tena hadi mwisho. Hiyo ndiyo ya kulinganishia. Bila hiyo mtoto hawezi kusema kama rangi imebadilika kwa sababu ya siki au kwa sababu umeongeza maji tu.

Nyingine zipate ml 5 za siki, maji ya limau, soda, sabuni, chumvi na sukari. Vitu vikavu viyeyushe kwanza, nusu kijiko cha chai kwenye ml 20 za maji. Osha bomba la sindano kila mara. Kabla ya kila tone mtoto aandike anachodhani kitatokea. Usiruke hatua hii hata akilalamika, kwani akishaona jibu atakuambia alilijua tangu mwanzo.

Limau na siki zitatoa nyekundu au waridi (pH, yaani kipimo cha asidi na besi ambacho chini ya 7 ni asidi na juu ya 7 ni besi, kati ya 2 na 3 kabla ya kuchanganywa), soda itatoa bluu (kama 8.3), sabuni bluu inayoelekea kijani (9 hadi 10). Chumvi na sukari zitabaki zambarau, na hapo ndipo pa kukaa kidogo. Mtoto aliyedhani kila kitu ni ama asidi ama besi amepata jambo jipya la kufikiria.

Sabuni ikikataa kubadilisha rangi, huenda si sabuni ya kawaida: vimiminika vingi vya kuoshea vyombo hutengenezwa vikiwa karibu na pH 7. Njano hutaiona kwa vitu hivi, na usiitafute, maana inataka besi kali mno. Tena ikifika huko antosianini huharibika, na kuongeza asidi hakuirudishi ilivyokuwa.

Kuhusu namba za pH

Kipimo cha pH kilibuniwa na Søren Sørensen huko Copenhagen mwaka 1909. Kila hatua moja ni mara kumi: pH 3 ina ioni za haidrojeni, chembe zinazokifanya kitu kiwe asidi, mara kumi ya pH 4. Walimu wengi hutaka kuonyesha hilo kwa kuzimua siki, ml 1 kwa ml 9 za maji, wakitarajia pH ipande kwa 1. Haipandi hivyo. Siki ni asidi dhaifu. Sehemu kubwa ya molekuli zake bado imeshikilia haidrojeni, na ukiongeza maji, nyingine zaidi huiachia. Kwa hiyo pH hupanda kwa kama nusu tu, na mtoto huona waridi ileile. Fanyeni hivyo kwa makusudi, kisha mwulize imekuwaje siki iliyozimuliwa mara kumi bado inang'ang'ania.

Kuzifanya asidi na besi zimalizane

Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha soda, kilichosawazishwa juu (kama gramu 5), kwenye ml 100 za maji. Chukua ml 20 za kiashiria na ml 5 za siki, halafu ongeza maji ya soda ml 1 kwa ml 1, ukikoroga. Karibu na ml 7 rangi itafanana na ile ya glasi ya kwanza. Akizidisha, itageuka bluu. Mpe siki tone kwa tone airudishe.

Wakati mwingine zambarau iliyokaa vizuri hugeukia bluu yenyewe baada ya dakika chache. Hujakosea. Kaboni dioksidi iliyoyeyuka humo ni asidi hafifu, na inapotoka kama mapovu, besi iliyobaki hujitokeza. Korogeni vizuri na kusubiri kidogo kabla ya kusoma rangi.

Puto, badala ya volkano

1. Lipulize puto mara moja ulilegeze, lipunguze hewa yote, kisha litie kijiko kimoja cha chai cha soda, kilichosawazishwa juu, kwa faneli kavu. Faneli yenye unyevu hugandisha soda njiani.
2. Weka ml 70 za siki kwenye chupa. Vika puto mdomoni bila kumwaga soda.
3. Inua puto, soda ianguke. Shika chupa: imepoa, kwa sababu mmenyuko huu wa soda na siki hufyonza joto.

Gramu 5 za soda zinahitaji karibu ml 71 za siki ya asilimia 5, na kwa hesabu hutoa kama lita 1.4 za gesi, ingawa sehemu hubaki imeyeyuka majini. Sasa rudia kwa vijiko viwili vya soda na siki ileile ml 70. Karibu kila mtoto hukisia puto kubwa maradufu. Litakuwa takriban lilelile. Mwache atie kiashiria kwenye mabaki ya chupa zote mbili. Ya pili itakuwa bluu zaidi, na ataona mwenyewe kilichoisha ni siki.

Chupa isifungwe kwa kifuniko hata kwa sekunde chache. Inaweza kupasuka.

Karatasi za kesho

Kiashiria kilichobaki, ambacho hakijatiwa kitu, kiloweshe karatasi nyeupe za kuchujia kahawa, zianike kivulini, zikate vipande vya sentimita 1. Rangi yake ni hafifu kuliko ya kimiminika, hivyo tone moja linatosha. Zihifadhi gizani kwenye kopo kavu. Mabaki mengine yote ya majaribio haya yanaweza kumwagwa kwenye sinki kwa maji mengi.