Bustani za mji wa pwani majira ya baridi: anza na kinga ya upepo, maua baadaye

Kamati za kupendezesha mji hupenda kukutana majira ya baridi, kazi za nje zikiwa zimepungua, na mara nyingi jambo la kwanza kujadiliwa ni maua: ya rangi gani, mangapi, yapandwe barabara ipi. Kwa mji ulio kando ya bahari, mjadala huo umekuja mapema mno. Miche iliyolelewa kitaluni chini ya paa, ikipandwa kwenye tuta linalotazama maji, huungua majani ndani ya wiki chache, na mwaka unaofuata fungu lile lile la fedha linaombwa tena kwa kazi ile ile. Kinachopaswa kupandwa kwanza ni kinga ya upepo. Maua yakiikuta kinga ipo, yatadumu.

Bahati nzuri, baridi ndiyo wakati wake hasa. Miti inayopukutisha majani imelala, hivyo inaweza kung'olewa kitaluni na kusafirishwa mizizi ikiwa mitupu, kwa gharama ndogo kuliko miche ya kwenye vyungu. Bahari nayo hupoa polepole kuliko nchi kavu. Ukanda ulio karibu na maji hupata jalidi, yaani baridi ya kugandisha, mara chache kuliko bara, na mizizi huendelea kujishika kidogo kidogo maadamu udongo haujapoa sana. Kama mji wako uko mahali ambapo ardhi huganda hata jembe halizami, ngojea iyeyuke.

Usome upepo kabla ya kushika jembe

Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita. Wimbi likipasuka, matone madogo mno huinuka na kubebwa na upepo hadi ndani ya mji. Yakitua juu ya jani na kukauka, chumvi hubaki. Huvuta unyevu wa jani, na sehemu yake hupenya ndani na kujikusanya kingoni. Ndiyo maana jani lililochomwa na chumvi huanza kukauka kwenye ncha na kingo huku katikati bado ni kijani. Zunguka mmea mzima uuangalie: madhara huwa upande mmoja, ule unaotazama bahari. Ukungu na wadudu kwa kawaida hawachagui upande namna hiyo. Ukiwa na shaka, siku ya upepo mkavu pitisha kidole juu ya jani ukilambe, ila usithubutu palipopuliziwa dawa.

Dhoruba yenye mvua haiumizi kama watu wanavyodhani, kwa sababu mvua yenyewe huosha majani. Inayoumiza ni dhoruba kavu: upepo wa siku mbili bila tone la mvua. Ikipita, toka na mpira wa maji siku hiyo hiyo, mapema, uoshe majani kwa maji yasiyo na chumvi. Usingoje jioni kama usiku unatazamiwa kuwa na jalidi.

Ili kujua kinga ikae wapi, chukua vijiti na vitambaa vyepesi vya urefu wa nusu mita. Katika kila kijiti funga kimoja kwenye kimo cha goti na kingine kwenye kimo cha kifua, usimike vijiti kila baada ya hatua chache, kisha ungoje siku ya upepo. Vitambaa vikilala vyote upande mmoja, upepo unapita moja kwa moja. Vikizunguka na kupigana, basi hapo upepo umekatwa na kitu fulani, mara nyingi ukuta au pembe ya jengo, na umerudi chini kwa vurugu. Mahali pa namna hii pa pili ndipo mimea huvunjika zaidi, japo mtu akisimama hapo hudhani pamekingika. Miti mizee iliyoinama upande mmoja itakuthibitishia vitambaa vilichosema.

Kinga yenye matundu

Watu wakiambiwa kinga, hufikiria ukuta. Ukuta hauna msaada mkubwa. Upepo ukiugonga hupanda juu yake na kuanguka nyuma kwa nguvu, pale pale ulipopanda maua yako. Kinga nzuri huuacha upepo upite nusu na kuzuia nusu: ua wa mimea, uzio wa fito zilizosukwa, au wavu maalumu uliokazwa kwenye nguzo imara. Kinga ya namna hiyo hupunguza kasi ya upepo hadi umbali wa takribani mara kumi ya kimo chake. Ua wa mita moja na nusu utakupa nafuu ya mita 15 hivi, nafuu ikiwa kubwa karibu na ua na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Kwa hiyo usijenge kinga moja ndefu ufukweni ukatarajia ikinge mji mzima. Kinga fupi nyingi, kila moja karibu na tuta inalolilinda, zinafanya kazi kubwa zaidi.

Mahali pa kuangalia sana ni mwanzo na mwisho wa ua, na pale mlango ulipoachwa. Upepo hujibana hapo na kupita kwa kasi kuliko ungepita pasipo na ua kabisa. Ziachie ncha za ua zishuke kimo polepole, na mlangoni pishanisha pande mbili ili kusiwe na uwazi unaotazama bahari.

Mimea ya kuaminika ipo. *Tamarix* hupukutisha majani na hutoa maua ya waridi. Upepo wa bahari hauitishi. *Elaeagnus* × *ebbingei*, *Escallonia*, *Euonymus japonicus* na *Pittosporum tobira* hubaki na majani mwaka mzima. *Griselinia littoralis* hupendeza sana lakini jalidi kali huiua, kwa hiyo inafaa miji yenye baridi ya wastani tu. *Atriplex halimus*, yenye majani ya kijivu-fedha, humea hata kwenye udongo wa chumvi. Kabla ya kuagiza, tazama orodha ya mimea vamizi ya nchi yako: *Tamarix* hiyo hiyo imeziba kingo za mito kusini magharibi mwa Marekani.

Nunua miche midogo, ya sentimita 40 hadi 60. Najua kamati hupenda miti mikubwa, kwa sababu picha ya siku ya uzinduzi hutoka vizuri. Lakini mti mkubwa una majani mengi ya kupigwa na upepo na mizizi michache ya kuushika. Mche mdogo hukua ukiwa umeshazoea, na baada ya miaka michache mara nyingi humpita kaka yake.

Siku ya kupanda

Mizizi mitupu hukauka haraka sana kwenye upepo. Ichovye kwenye ndoo ya maji kabla ya kazi kuanza, kisha miche yote ikae ndani ya gunia lililolowa, mdomo umefungwa, itolewe mmoja mmoja shimo likiwa tayari. Kosa la vikundi vya kujitolea ni kupanga miche kwanza chini kwa mstari ili ionekane itakavyokuwa, halafu watu wakaanza kuchimba. Mche wa mwisho ukifikiwa, mizizi yake imeshakuwa nyuzi kavu. Kwa kupanga mstari tumia vijiti.

Shimo liwe pana, lisizidi kina cha mizizi. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na uso wa udongo. Rudisha udongo, ukanyage kwa kisigino ukiuzunguka mche, mwagilia hata kama mvua inakaribia. Mche unaohitaji kigingi ufungwe chini, kwenye theluthi ya kimo chake, ili shina liendelee kuyumba kidogo; kuyumba huko ndiko kunakolifanya linenepe.

Kisha kuna kazi ambayo karibu kila mradi huisahau. Baada ya kila dhoruba, zungukia miche yako uangalie chini, shinani. Upepo unapoutikisa mche, shina husukuma udongo na kuacha tundu lenye umbo la faneli kulizunguka. Maji hukusanyika humo, yakiganda hujeruhi gamba, na mizizi midogo inayoanza kuchipua hukatika kila mche unapoyumba. Ziba tundu kwa udongo, kanyaga tena. Mtu mmoja anamaliza ua mzima wa mita hamsini kabla chai haijapoa, na kazi hiyo huokoa miche mingi kuliko mbolea yoyote.

Udongo wa mchanga

Mchanga hupitisha maji upesi na hauna akiba ya chakula. Uzuri wake ni kwamba hata chumvi huoshwa upesi, kwa hiyo baada ya mvua kadhaa udongo wenyewe huwa salama. Unachohitaji ni mboji, na nyingi: tandaza tabaka la sentimita 5 hadi 8 kila mwaka, uichanganye juu juu tu.

Mwani uliotupwa ufukweni ni hazina. Una potasiamu nyingi, hauna mbegu za magugu, na huoza haraka. Kusanya ule uliokwisha kung'oka, usikate ulio hai kwenye miamba, na uache mwingine pale pale, kwa sababu ndege na wadudu wa ufukweni huutegemea. Utandaze sehemu mvua itakapouosha kwa wiki chache kabla ya kuutumia, au uchanganye kwenye rundo la mboji pamoja na majani makavu. Sehemu nyingi hutaka kibali hata kwa ndoo moja ya mwani au kokoto, basi uliza halmashauri kwanza.

Kwa matandazo, majani makavu na maranda mepesi yatapeperushwa hadi kwa jirani. Kokoto hutulia. Makombe ya bahari yaliyopondwa pia hutulia, ila huongeza chokaa udongoni, na mimea inayopenda udongo wa tindikali itageuka manjano.

Rangi

Sasa maua. Nyuma ya kinga, na hapo tu, panda matunguu ya nargisi fupi na krokasi kabla baridi haijakaza, kila tunguu likizama mara mbili hadi tatu ya kimo chake. Tulipu zinaweza kuchelewa kidogo bila madhara, lakini chagua za shina fupi; ndefu zitalazwa chini na upepo wa kwanza. Ukiwa kitaluni hujui mmea gani utastahimili, tazama jani. Majani yenye manyoya ya fedha, yenye ngozi ngumu inayong'aa, au membamba na madogo, yameumbwa kwa upepo na ukavu. Majani mapana na laini yatachanika. *Armeria maritima* yenyewe ni mmea wa miamba ya bahari, na hukaa kijani baridi nzima hata pembeni mwa lami.

Vyungu viwe vizito na vyenye matundu chini, vikae kwa makundi upande uliokingwa. Vya udongo wa kuchoma vikijaa maji na jalidi likapiga hupasuka, kwa hiyo viinue juu ya vipande vya tofali maji yatoke.

Kama kuna bustani ya mboga ya pamoja, bitiruti, sukuma wiki na asparaga ndizo rafiki wa pwani. Bitiruti hustahimili chumvi ya udongo hadi kipimo cha desisimensi 4 hivi kwa mita (chumvi hupimwa kwa jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme) kabla mavuno hayajaanza kupungua, ilhali maharage, karoti na stroberi huathirika kikishapita 1 tu.

Msipande kwenye vilima vya mchanga

Hili nalisema bila kupunguza makali. Vilima vya mchanga vya ufukweni vina mimea yake, na ndiyo inayovishika visihame. *Carpobrotus edulis* kutoka Afrika Kusini ilipandwa kwa urembo na kuzuia mchanga, sasa imefunika sehemu kubwa za fukwe za Mediterania na California. *Rosa rugosa* ya Asia Mashariki imefanya vivyo hivyo kaskazini mwa Ulaya. Hata nyasi ya *Ammophila arenaria*, mlinzi wa mchanga kwao Ulaya, imekuwa kero pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Kama kilima kimemomonyoka, wekeni kamba watu wasikikanyage na muiite idara inayohusika. Taka za bustani pia zisitupwe huko, maana kipande kimoja cha *Carpobrotus* kikigusa mchanga huota mizizi.

Nani atamwagilia?

Matuta matatu yanayotunzwa yanapendeza kuliko kumi na mawili yaliyokauka. Chagueni yaliyo karibu na bomba. Pateni ruhusa ya maandishi kwa kila ardhi ya umma, mkaulize mabomba na nyaya zinapita wapi kabla ya kuchimba, na kwenye makutano ya barabara mimea isizidi kimo cha goti ili dereva aone. Njia ya kiti cha magurudumu isimezwe na matawi.

Miche iliyopandwa baridi, ikifa, mara nyingi hufa kiangazi chake cha kwanza. Katika wiki kavu, lita 10 kwa kila mche mara moja kwa wiki, zikimwagwa taratibu, huzidi kwa faida kikombe cha kila siku kinacholowesha juu tu. Gawaneni ua kwa vipande, kila kipande na watu wawili, ili mmoja akisafiri mwingine yupo.

Ncha zilizoungua msizikate katikati ya baridi, hata zikichukiza. Zinalinda macho ya chini yake, yaani vichipukizi vilivyolala. Kateni machipukizi mapya yakishaonekana, mjue mti umefufukia wapi. Na kama mliweka wavu wa muda kuukinga ua unapokua, uondolewe ua ukifika kimo cha kiuno, mwishoni mwa msimu wa dhoruba, ili mimea ipate miezi ya utulivu ya kuzoea kusimama peke yake.