Somo: Jaza kishikwambi zana za kufundishia, kisha fundisha bila bando

Walimu wenzangu, habari za kazi.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na wengi wetu tunavyo hadi leo. Vingi vinakaa kabatini. Ukiuliza sababu unajibiwa kwamba bando linaisha, au mtandao haushiki darasani. Mimi nasema mwalimu wa shule ya msingi hahitaji intaneti darasani hata kidogo. Anaihitaji jioni moja, mahali mtandao unaposhika vizuri, apakue vitu vyake. Kazi iliyobaki inafanyika data ikiwa imezimwa.

Nitatumia mifano miwili: kusoma hadithi fupi kwa Darasa la II, na sehemu za Hisabati (kama 1/2 na 2/4) kwa Darasa la IV.

Hatua ya kwanza: fungua azimio la kazi kwanza

Usianze kwa kutafuta programu. Chukua azimio lako la kazi, yaani mpango wa nini utafundisha wiki gani, angalia wiki mbili zijazo, uandike kwenye karatasi mambo mawili au matatu ambayo watoto wako hayawaingii. Andika kwa uwazi. "Kusoma" peke yake haitoshi. Andika "wanasoma silabi vizuri lakini hawaelewi sentensi waliyoisoma". Karatasi hiyo ndiyo itakayokuzuia kupakua video hamsini ambazo hutazifungua kamwe.

Kisha pitia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TIE), anuani yake ni ol.tie.go.tz. Humo mna vitabu vya kiada, na ni bure kusoma. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, kwa hiyo hakikisha kitabu unachokifungua ni cha mtaala huo, hasa kama shuleni kwenu nakala za karatasi ni chache. Maktaba hii itumie wakati wa kuandaa somo, ukiwa nyumbani.

Hatua ya pili: hadithi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye faida kubwa kuliko pote.

African Storybook ni mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, na tovuti yake ilizinduliwa mwaka 2014. Ina hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Ingia africanstorybook.org, chagua lugha, kisha chagua ngazi. Ngazi ziko tano: ya kwanza ni neno moja moja au sentensi fupi kwa kila ukurasa, ya tano ni hadithi ndefu ambazo mwalimu anawasomea watoto kwa sauti. Kwa Darasa la II anza na ngazi ya pili. Wasioweza warudishe ya kwanza bila kuwaaibisha mbele ya wenzao.

Ukipata hadithi, isome yote kabla ya kuipakua. Nasisitiza: yote. Nyingi zimetafsiriwa na watu wa kujitolea kutoka sehemu mbalimbali, kwa hiyo utakutana na upatanisho wa ngeli uliokosewa, au neno linalotumika Nairobi lakini mtoto wa Songea halijui. Hadithi yenye makosa mengi iache. Yenye neno moja geni ichukue, ulifundishe neno hilo kwanza kwa kadi. Zile utakazoridhika nazo pakua kama PDF, uziweke kwenye folda moja yenye jina la darasa na ngazi, kwa mfano "D2 ngazi 2".

StoryWeaver ya Pratham Books, shirika la India, nayo ina hadithi za Kiswahili na picha nzuri sana. Nyingi zinazungumzia maisha ya India. Hilo halinisumbui, watoto wanapenda kujua wenzao wa mbali wanakula nini na wanacheza nini, ila usifanye hizo ndizo pekee.

Tovuti hizi mbili pia zinakuruhusu kutunga hadithi yako kwa kutumia picha zao. Chukua picha za soko, uandike sentensi nne kuhusu soko la kijiji chenu, utaje mazao yenu. Mtoto anayesoma habari za mahali anapopajua hasomi kwa kubahatisha.

Hatua ya tatu: Hisabati

Kwa sehemu nenda PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani. Aliyeuanzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ni mazoezi ambayo mtoto anayachezea kwa kidole: anabonyeza mshale kuongeza kiasi (namba ya juu) au asili (namba ya chini), anaburuta vipande vya duara, anaona sehemu ile ile ikijitokeza kwenye mstatili na kwenye mstari wa namba. Mtoto aliyezoea kukariri kwamba 2/4 ni sawa na 1/2 hapa anaiona kwa macho yake.

Yapo yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ingawa si yote. Ya sehemu yana maneno machache mno, hata ya Kiingereza yanafaa. Bonyeza alama ya kupakua, utapata faili moja linalofunguka kwenye kivinjari cha kompyuta bila mtandao.

Hatua ya nne: kama shule ina kompyuta, weka Kolibri

Kolibri ni programu iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta moja ya shule, unapakua "chaneli" unazozitaka, yaani mikusanyiko ya masomo, kisha vishikwambi vinaunganishwa na kompyuta hiyo kwa waifai ya ndani, isiyohitaji bando. Kompyuta inakuonyesha anuani, watoto wanaiandika kwenye kivinjari, basi. Menyu zake zina Kiswahili. Chaneli ya African Storybook ipo, ya Khan Academy (video za masomo na mazoezi) kwa Kiswahili ipo, na ya PhET ipo.

Chaneli nzima ni nzito. Usiipakue yote, chagua mada zilizoandikwa kwenye ile karatasi yako. Shule jirani ikiwa tayari imepakua, nenda na flashi au diski ya nje, mnahamisha kutoka mashine moja kwenda nyingine bila kutumia hata senti ya intaneti. Hili ni jambo la kupanga kwenye kituo cha walimu au kwenye vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini): kata moja ipakue mara moja, shule zote zigawane.

Hatua ya tano: zima data, fungua kila kitu

Usiku wa kuamkia kipindi zima data kabisa, fungua faili moja baada ya jingine. Lisilofunguka halipo. Rekodi pia sauti yako ukisoma hadithi taratibu, kwa rekoda ya kawaida ya simu. Watoto wanaochelewa kusoma wataifuata kwa kidole kwenye maandishi wakati wewe unashughulika na kundi jingine, na sauti ya mwalimu wao wanaielewa kuliko ya mtu yeyote.

Anayesema vijijini haya hayawezekani namkumbusha Tanga. Programu za mashindano ya Global Learning XPRIZE, za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, zilijaribiwa kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa huo, kwa Kiswahili, kwenye vishikwambi vilivyochajiwa kwa sola. Mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana tuzo, na programu zilizofika fainali ziliachwa wazi zitumike bure.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Darasa la I, Kilosa: Shikamoo mwalimu. Nina watoto zaidi ya mia na kishikwambi kimoja, changu. Hapo nafanyaje?

Marahaba mwalimu, pole na kazi. Kishikwambi kimoja usikionyeshe kwa watoto mia, wa nyuma hawataona kitu na fujo itaanza. Nakili hadithi kwenye bango kitita (karatasi kubwa) kwa maandishi makubwa, mchoro mmoja tu unatosha. Darasa zima lisome bango. Kisha wagawe kwenye vikundi: kimoja kinapanga kadi za maneno, kimoja kinaandika, kimoja kinachora, na kikundi kimoja cha watoto wanane hivi kinakaa na kishikwambi chini ya macho yako. Kesho kikundi kingine. Si lazima kila mtoto akiguse kila siku. Bango nalo lihifadhi, mwakani litatumika tena.

Mwalimu mkuu, Newala: Nikizipeleka hadithi hizi steshenari kutoa kopi za darasa zima, si nitakuwa nimevunja hakimiliki?

Hadithi za African Storybook na StoryWeaver zimetolewa kwa leseni huria za Creative Commons. Unaruhusiwa kuzichapa, kuzigawa na kuzitafsiri, mradi majina ya mtunzi na mchoraji yabaki. Usikate ule ukurasa wenye majina ili kuokoa karatasi. Vitabu vya kiada vya TIE ni suala jingine: kusoma mtandaoni ni bure, lakini hiyo haimaanishi una ruhusa ya kuvidurufu.

Mwalimu wa Gredi ya 3, Kwale: Mwalimu, sisi huku Kenya tuko na mtaala wetu. Ya TIE yatanifaa kweli?

Kwa kiada hapana, tumia Kenya Education Cloud ya KICD, taasisi yenu ya mitaala. Hadithi na PhET ni zetu sote. Na kwa kusoma kwa ziada, hadithi ya upande wa pili wa mpaka humwongezea mtoto msamiati.

Mwalimu wa Kiswahili, Bukoba: Naomba kuuliza kuhusu akili unde (AI). Naweza kuiambia initungie maswali ya ufahamu?

Unaweza, kama rasimu tu. Ipe hadithi yenyewe iisome, iambie darasa na idadi ya maswali, kisha kagua kila sentensi kwa kalamu nyekundu. Angalia ngeli, na angalia kama jibu kweli limo ndani ya hadithi. Maswali ya "kwa nini" na "wewe ungefanyaje" napendelea uyatunge mwenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayohitaji kumjua mtoto. Majina na alama za wanafunzi usiviingize humo kabisa.

Mwalimu wa darasa, Temeke: Wazazi wanafurahi nikituma kwenye kundi la WhatsApp video za watoto wakisoma. Kuna ubaya?

Upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura na sauti ya mtoto ni taarifa zake. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi kupitia kwa mwalimu mkuu. Video ya mtoto mmoja mtumie mzazi wake, usiimwage kundini. Na ya mtoto anayekwama kusoma isitoke kabisa kwenye simu yako. Ikishasambaa huwezi kuirudisha, na mtoto atachekwa na watoto wa mtaa mzima.

Mwalimu wa Darasa la V, Mpwapwa: Kishikwambi changu kimejaa, kinagoma kupakua. Nifute nini?

Anza na folda ya WhatsApp, picha na video za makundi ndizo zinazokula nafasi. Halafu angalia video za masomo: hifadhi zile tu za mada za muhula huu, nyingine zihamishie kwenye flashi ya shule. Hadithi za PDF ziache, hazili nafasi kubwa. Kama kishikwambi chako kina tundu la memori kadi, nunua kadi na uhamishie folda za madarasa humo. Na kabla ya kufuta chochote, muulize mwalimu wa zamu nyingine kama naye anakitumia hicho hicho.