Mshika funguo akinuna: ninavyowakalisha wenye hasira kwenye kikoba

Sanduku la kikoba chetu, kikundi cha wanawake cha kuweka akiba na kukopeshana, lina kufuli tatu, na funguo zinakaa nyumba tatu tofauti. Kwa wizi ni dawa. Kwa hasira ni balaa: mshika funguo mmoja akinuna, wanawake 28 mnakaa mkekani mnatazama bati.

Ilitupata. Mshika funguo wa pili hakuja, simu kazima, akamtuma mtoto aseme mama anaumwa kichwa. Kichwa kile tulikijua. Jumamosi iliyotangulia, marejesho yakisomwa, mwenzetu mmoja alisema kwa sauti, "Wengine wanakopa kwa cheo." Na alikuwa amejifunga kanga ya "Hasidi hana sababu", maandishi yakimtazama mshika funguo usoni.

Huu ni mwaka wangu wa tisa kuwa mwenyekiti hapa Mbagala. Katiba yetu ina faini ya kuchelewa na faini ya simu kuita kikaoni, ila ya namna ya kusemezana haina hata mstari. Hili nimejifunza kwa kuharibu.

Aliyenuna usimfuate kundi. Watu watano wakienda kumbembeleza, hilo ni baraza la kumhukumu, hata mkibeba sukari. Naenda peke yangu, asubuhi, baada ya usiku mmoja kupita. Wala sianzi na "samehe yaishe". Neno hilo silipendi: linamziba mdomo mwenye kidonda na kumwachia usaha wake. Nasema tu, "Nieleze mama, sina haraka," kisha nanyamaza. Robo saa ya kwanza huwa ni maneno makali matupu. Yaache yapite.

Yakipungua natoa daftari, napiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto naandika alichokiona au kukisikia kwa masikio yake, kulia, alichokidhani. "Ananidharau" inaenda kulia. "Alisema mbele ya watu nakopa kwa cheo" inaenda kushoto. Kulia hujaa hadi pembeni, kushoto mistari miwili. Namsomea polepole. Wengi hapo hucheka. Mshika funguo wetu hakucheka, alilia, akaniambia mkopo ule wa shilingi 300,000 ulikwenda wapi. Sikulisema kikaoni na hapa silisemi. Ila niliona kitu ambacho kwenye mambo ya pesa nimekikuta mara nyingi: juu hasira, chini aibu.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa yule wa kanga na daftari lilelile. Kushoto kwake kulikuwa na jambo zito: aliomba mkopo mara mbili, akaambiwa mfuko hautoshi, na mara ya pili kiongozi akapewa kikao hichohicho. Ni kweli. Foleni ya waombaji hatukuwa tumeisoma, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Ukisuluhisha watu, jiandae kukuta jina lako kwenye daftari.

Baada ya hapo kila mmoja namsaidia kutengeneza maneno ya kikaoni: kilichotokea, kilivyomgusa, anachoomba. Mshika funguo alisema hivi: "Jumamosi ile marejesho yakisomwa, ilisemwa nakopa kwa cheo. Niliona aibu mbele yenu. Naomba daftari la mikopo lisomwe lote, jina kwa jina, na hisa za kila mtu." Ombi liwe la kutekelezeka siku ileile. "Naomba niheshimiwe" watu wataitikia na hakuna atakayejua aanzie wapi. Mafumbo nayo yaachwe nyumbani, maana mwenye fumbo ukimuuliza atakwambia hii ni kanga tu, nimeinunua sokoni.

Kikaoni mtunza nidhamu anasimamia jambo moja: kabla hujajibu, rudia ulichoambiwa mpaka mwenzio akubali, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Inachosha. Wenye maandazi na mama lishe watalalamika biashara zinalala. Wavumilie. Siku ile yule wa kanga alirudia mara tatu kabla ya kukubaliwa, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa imeshuka.

Kwenye WhatsApp sisi tumekubaliana madai na manung'uniko yasiingie kwenye kundi. Ukishikwa na hasira usiku, rekodi sauti yako, isikilize mwenyewe, lala. Asubuhi ukiona bado inafaa, mtumie mhusika peke yake.

Pesa ikiwa imeibwa, daftari la mstari katikati halihusiki. Fuateni katiba, nendeni serikali ya mtaa, na polisi ikibidi. Kumkalisha aliyeibiwa na mwizi wake eti wasemezane ni kumwonea mara ya pili.

Jumamosi ile sanduku lilifunguliwa saa kumi na moja jioni, karibu saa mbili nyuma ya ratiba. Mikopo ikasomwa jina kwa jina, la kwanza langu.