Somo: Tuivunje 68,800 mpaka vigawo tasa

Sisi wa Mwanza tumeambiwa tangu shule ya msingi kwamba Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Tunaikariri, tunaiandika kwenye mtihani wa jiografia, basi. Leo tuichukue kama namba tu, tuone imeundwaje. Shika karatasi.

Hatua ya 1. Chora mstari wa wima, andika 68,800 upande wa kulia. Namba tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na yenyewe tu. Anza na ndogo kuliko zote, yaani 2, ugawe mpaka igome: 34,400; 17,200; 8,600; 4,300; 2,150; 1,075. Mara sita. Wengi wakifika 4,300 wanaona sifuri wanarukia 5. Msiruke, mtapoteza hesabu ya 2.

Hatua ya 2. 1,075 inaishia na 5. Gawa kwa 5 upate 215, gawa tena upate 43. Hiyo ni tasa: jaribu 2, 3 na 5 tu, maana 7 × 7 ni 49, imeshaipita 43. Kwa hiyo:

68,800 = 2⁶ × 5² × 43

Hatua ya 3. Ina vigawo vingapi kwa jumla, yaani namba zinazoigawa bila baki, tasa na zisizo tasa? Hapa ndipo penye utamu. Juzi jioni nilimwelekeza binti yangu kwa kokoto, tumekaa barazani. Nyeupe sita ni zile 2, nyeusi mbili ni 5, na moja nyekundu ni 43. Nikamwambia, chota upendavyo, ukizidisha ulizochota unapata kigawo. Nyeupe anaweza asichukue hata moja, au achukue moja, mbili, mpaka sita: njia 7. Nyeusi, njia 3. Nyekundu anaichukua au anaiacha: njia 2. Basi 7 × 3 × 2 = 42. Vigawo ni 42.

Akachota nyeupe nne na ile nyekundu. Tukazidisha: 16 × 43 = 688. Akaitazama. "Baba, si ndiyo ileile bila sifuri?" Ndiyo yenyewe! Na kokoto zilizobaki sakafuni, nyeupe mbili na nyeusi mbili, zinazaa 100. Kila ukichota kigawo, zinazobaki ni mwenzake.

MASWALI

Mwanachama wa Igoma: Shikamoo mwalimu. 2 ziko sita, mbona sifuri za mwishoni ni mbili tu?

Marahaba. Kila sifuri inataka 2 moja na 5 moja zishikane ziwe 10. 5 ziko mbili tu. Zikiisha, 2 nne zinabaki bila wenzao.

Mwanachama wa Ukerewe: Kipeuo cha pili kinatoka kamili?

Hakitoki, maana kila kigawo tasa kinatakiwa kiwe na pacha wake, na 43 iko peke yake. Zidisha 68,800 kwa 43 upate 2,958,400. Hapo kipeuo chake ni 1,720.

Mwanachama wa Nyegezi: Nimejumlisha tarakimu nimepata 22. Ina maana 3 haiingii?

Haiingii. 22 ukiigawa kwa 3 inabaki 1, na 68,800 nayo inabaki 1 hiyohiyo. Hakikisha mwenyewe: 3 × 22,933 = 68,799.